Jua ni la Bure, Mkopo Si wa Bure

Novemba 2023 Tanzania ilikuwa kwenye mgawo wa umeme. Gridi ya taifa ilipungukiwa takriban megawati 400, na mafundi wa kuchomelea, wenye saluni na wauza samaki wa kugandisha walipanga siku zao kwa kufuata ratiba ya shirika la umeme, TANESCO, badala ya kufuata wateja. Machi 2024, shirika hilohilo likatangaza kuwa limezima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme umezidi matumizi. Kilichopita katikati ni mvua za El Niño zilizojaza mabwawa, pamoja na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ulioanza kuzalisha Februari. Aprili ilipofika, mafuriko yakafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na wananchi wakaanza kuulizana kama bwawa liliwaokoa au liliwaongezea balaa.

Anayetaka kujua kwa nini sera ya tabianchi haiwezi kuhubiriwa Dar es Salaam kwa maneno yaleyale yanayohubiriwa Brussels aanzie kwenye miezi hiyo sita. Umeme wa maji hautoi moshi, na kwa hesabu za mikutano ya kimataifa ni nishati safi isiyo na doa. Kwa mwenye saluni ni nishati inayotegemea mvua, na mvua zenyewe ndizo zinazovurugwa na mabadiliko ya tabianchi ambayo bara zima la Afrika limechangia kwa chini ya asilimia 4 ya gesijoto zinazotolewa duniani kwa mwaka.

Hoja yangu ni kwamba mjadala wa nishati katika nchi zetu umejengwa juu ya swali dogo. Tunabishana kuhusu chanzo, yaani gesi au jua, maji au makaa ya mawe, huku tukiyapa kisogo mambo mawili ambayo ndiyo huamua kama umeme utakuwepo na kama mwananchi ataweza kuulipia: bei ya fedha za kujengea mitambo, na mkataba unaoeleza ni nani atakayebeba hasara mambo yakienda mrama.

Historia ya Tanzania inalionyesha hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Kwa miongo kadhaa nchi iliegemea mabwawa ya Mtera na Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, kisha Kihansi ikaongezwa. Ukame wa miaka ya 1990 ulipobana, serikali ilikimbilia kampuni binafsi, na mwaka 1995 ukasainiwa mkataba na kampuni ya IPTL wa mitambo ya megawati 100 inayotumia mafuta mazito, ambao ulitaka kampuni ilipwe kwa kuweka mitambo tayari, izalishe isizalishe. Mabishano juu ya malipo hayo yalidumu hadi yakazaa sakata la akaunti ya Escrow (akaunti iliyotunza fedha zilizobishaniwa) lililotikisa Bunge mwaka 2014. Kabla hilo halijalipuka, ukame wa 2006 ulikuwa umeleta Richmond, mkataba wa dharura wa megawati 100 uliopewa kampuni isiyo na uwezo wa kuutekeleza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ukiyatazama matukio haya kwa pamoja, utaona mtiririko uleule: mvua inakosekana, giza linaingia, wakubwa wanataharuki, na katika taharuki hiyo unasainiwa mkataba ambao hakuna mtu mwenye akili tulivu angeukubali. Ukame wenyewe hudumu misimu miwili mitatu, ilhali mkataba kama wa IPTL hudumu miaka ishirini.

Kilichovunja mtiririko huo kwa sehemu ni gesi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, lakini haikufika Ubungo, Dar es Salaam, kuzalisha umeme hadi mwaka 2004. Kwa miaka thelathini nchi iliyokuwa imekalia gesi iliendelea kununua mafuta kwa dola. Baada ya hapo vikaja visima vya Mnazi Bay, bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam mwaka 2015 na mitambo ya Kinyerezi, na kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi. Ndiyo, ni nishati ya kisukuku, kama yalivyo mafuta na makaa ya mawe. Hata hivyo ilichukua nafasi ya mafuta mazito na dizeli, ambayo ni machafu na ghali zaidi, na iliendelea kuzalisha miaka ambayo Mtera ilikuwa matope.

Hapa ndipo unafiki wa wakubwa unapokera. Mradi wa Songo Songo ulijengwa kwa mikopo ambayo miongoni mwa waliotoa ni Benki ya Dunia. Desemba 2017 benki hiyo ikatangaza kuwa baada ya 2019 haitagharamia tena utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, ila kwa hali za kipekee katika nchi maskini zaidi. Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, nchi zaidi ya ishirini zikaahidi kuacha kutumia fedha za umma kugharamia miradi ya nishati za kisukuku nje ya mipaka yao ifikapo mwisho wa 2022. Mwaka huo wa 2022 haujaisha, vita vya Ukraine vikakata gesi ya Urusi. Ujerumani, iliyokuwa imetia saini, ikarudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa akiba, na Mei Kansela Olaf Scholz alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal. Sina haja ya kuwalaumu Wajerumani kwa kutotaka kukaa gizani wakati wa baridi. Nalaumu kwamba dharura ya Berlin ilihesabiwa kuwa usalama wa nishati, na dharura ya Dodoma ikahesabiwa kuwa ukosefu wa dhamira.

Lakini utetezi huo wa gesi una mpaka wake, na wanasiasa wetu wamezoea kuuvuka kwa makusudi. Gesi inayochomwa Kinyerezi kumwashia taa mkazi wa Mbagala ni jambo moja. Mradi wa kugandisha gesi Lindi ili isafirishwe kwa meli, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukizungumzwa kwa makumi ya mabilioni ya dola, ni jambo jingine, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni jingine tena. Hii ni miradi ya kuuza nje. Inaweza kuleta kodi, ajira na fedha za kigeni, na ina haki ya kujadiliwa kwa vigezo hivyo, lakini mtu akisimama jukwaani kuitetea kwa jina la mwanakijiji asiye na umeme, huyo anamtumia mwanakijiji kama chambo. Mapipa yatakayopita Tanga hayatawasha balbu hata moja Handeni.

Bwawa la Nyerere nalo linastahili kutazamwa kwa jicho lilelile. Lina uwezo wa megawati 2,115 kwa mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Limejengwa kwa fedha za serikali, takriban shilingi trilioni 6.5, ndani ya eneo la Selous ambalo ni Urithi wa Dunia, baada ya mkataba na kampuni za Misri uliosainiwa Desemba 2018. Wahifadhi walilipinga, na wakopeshaji wa maendeleo hawakuligharamia. Kwa kuwa kilele cha matumizi ya nchi lilipoanza kuzalisha kilikuwa chini ya megawati 2,000, bwawa hilo peke yake, likijaa, linaweza karibu kuibeba gridi nzima. Naelewa fahari iliyoko hapo. Kinachonitia wasiwasi ni jiografia: Ruaha Mkuu yenye Mtera na Kidatu humwaga maji yake Rufiji, na maji ya Kihansi hufika hukohuko kupitia Kilombero. Nchi iliyoumizwa na ukame wa bonde moja imejibu kwa kujenga bwawa kubwa kuliko yote katika bonde lilelile. Mwaka ambao mvua zitakosekana Mbeya, Iringa na Morogoro, mitambo ya gesi ambayo leo wengine wanaiita mzigo ndiyo itakayoitwa kazini, na ndiyo maana kuitunza ni sehemu ya sera ya tabianchi, si usaliti wake.

Kenya inatupa somo la upande wa pili. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Olkaria, karibu na Naivasha, ni mahali ambapo wahandisi wa Afrika nzima huenda kujifunza namna ya kuvuna mvuke wa ardhini. Kama usafi wa chanzo ungetosha, Kenya ingekuwa na umeme wa bei nafuu kuliko majirani zake. Badala yake wenye viwanda vya Nairobi hulalamikia ankara kila mwaka, na Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda kikosi kazi maalumu kuchunguza mikataba ya ununuzi wa umeme.

Mfano wa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana unaeleza mengi. Huko Loiyangalani zilijengwa pangaboi 365 zenye uwezo wa megawati 310, na mwaka 2017 zilikuwa tayari kuzalisha. Njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Mkandarasi wake kutoka Hispania alikuwa amefilisika. Upepo ulivuma, pangaboi zikasimama, na kwa mujibu wa mkataba serikali ikawajibika kuwafidia wawekezaji makumi ya mamilioni ya yuro hadi njia ilipokamilika Septemba 2018. Ukisoma mkasa huu kwa makini utaona ni IPTL iliyovaa nguo za kijani: mnunuzi analipia mitambo isiyompa kitu, kwa fedha ya kigeni, na mwishowe mzigo humfikia mlipa kodi na mlipa ankara. Chanzo kilikuwa safi kabisa, ila mkataba haukuwa tofauti na ule wa mafuta mazito.

Fedha ya kigeni ni mwiba wa pekee. Mikataba mingi ya umeme nchini Kenya imeandikwa kwa dola au yuro, huku mwananchi analipa kwa shilingi, na ndani ya ankara kuna kipengele kinachopanda na kushuka na thamani ya sarafu. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imevuka 155. Jua halikubadilika katika kipindi hicho, wala mvuke wa Olkaria haukupungua. Mama mboga wa Kisumu alilipa zaidi kwa sababu benki kuu ya Marekani ilipandisha riba.

Na riba ndiyo kiini cha jambo lote, ingawa katika mikutano ya tabianchi huzungumzwa kwa sauti ya chini mno. Chukua mtambo wa jua wa dola milioni 100 unaolipwa kwa mkopo wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 3, marejesho ya kila mwaka ni takriban dola milioni 6.7. Kwa riba ya asilimia 10, yanakuwa karibu milioni 11.7. Paneli ni zilezile kutoka kiwanda kilekile cha China, jua la Dodoma ni kali kuliko la Hamburg, lakini mtambo wa Dodoma unazaliwa ukiwa na marejesho makubwa zaidi kwa karibu robo tatu. Asilimia hizo sikuzichagua ovyo: Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani ya kimataifa (hati ya kukopa kwa wawekezaji) ya dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10, wakati ambapo serikali ya Ujerumani ilikuwa ikikopa kwa chini ya asilimia 3. Shirika la Kimataifa la Nishati nalo limekuwa likisema kuwa gharama ya mtaji kwa miradi ya nishati safi Afrika ni mara mbili hadi tatu ya ile ya nchi tajiri.

Tafakari hesabu hiyo inamwelekeza wapi maskini. Mtambo wa jua au wa upepo gharama yake karibu yote hulipwa mwanzoni, kisha hauhitaji mafuta; jenereta ya dizeli hununuliwa kwa bei rahisi na gharama yake huja kidogo kidogo kwenye tangi. Kwa hiyo riba kubwa hukiumiza chanzo safi kuliko kichafu. Nchi tajiri inayotuhimiza kuacha mafuta, huku masoko yake yakitukopesha kwa asilimia 10, inatusukuma kwenye dizeli kwa mkono wa kushoto na kutukemea kwa mkono wa kulia.

Fedha zinazoahidiwa kuziba pengo hilo hazijaliziba. Mwaka 2021 Afrika Kusini iliahidiwa dola bilioni 8.5 ili iachane na makaa ya mawe taratibu, na makubaliano hayo yakasifiwa kama kielelezo cha dunia. Mpango ulipowekwa wazi mwaka uliofuata, ruzuku halisi ilikuwa kama asilimia 4. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni mikopo na dhamana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na nchi ambayo tayari ilikuwa ikizima umeme kwa zamu ina haki ya kuuliza kwa nini iongeze deni ili kutatua tatizo la dunia nzima.

Kuna wanaodhani kushuka kwa bei ya paneli kutamaliza ubishi huu wenyewe. Pakistani inaonyesha kwamba mambo hayajinyooshi hivyo. Mwaka 2022 meli za gesi ambazo nchi hiyo ilizitegemea zilikwenda Ulaya kwa wenye kulipa zaidi, umeme ukapanda bei, na wananchi wakakimbilia paneli za China, kiasi kwamba mwaka 2024 pekee nchi iliingiza paneli za takriban megawati 17,000. Kwa anga ni habari njema. Ila mikataba ya mitambo ya zamani bado inataka ilipwe, na wenye nyumba kubwa na viwanda wanapojitoa kwenye gridi kwa sehemu, malipo hayo hugawanywa kwa waliobaki, ambao ni wapangaji na watu wa vipato vya chini wasio na paa la kuwekea kitu. Ninapopita Masaki, mtaa wa wenye nacho Dar es Salaam, na kuona paneli zikiongezeka juu ya mapaa, huwa najiuliza nani atalipia Bwawa la Nyerere iwapo wateja wakubwa wa TANESCO watafanya hesabu ileile. Anayelipa shilingi 100 kwa uniti kwa kuwa hatumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi anaweza kulipa bei hiyo kwa sababu wengine wanalipa zaidi.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri ahadi. La kwanza, na pengine la bei nafuu kuliko yote, ni waya. Mvua za Ethiopia, mvuke wa Olkaria na gesi ya Mtwara havipungui kwa siku moja, na njia kubwa ya kuunganisha gridi ya Kenya na Tanzania sasa ipo. Mwaka 2025 iliposemwa kwamba mikoa ya kaskazini ya Tanzania ingenunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, mitandao iliwaka: tumejengewa bwawa la trilioni sita halafu tunanunua kwa jirani? Hasira hizo nazielewa, lakini hesabu haiko upande wake. Umeme unaosafirishwa kutoka Rufiji hadi Arusha hupotea njiani kwa kiasi ambacho serikali yenyewe ilikitaja kuwa hasara ya mabilioni ya shilingi kwa mwaka, na waya uleule unaoleta umeme kutoka kaskazini unaweza kuupeleka huko mwaka ambao Rufiji imefurika. Nchi moja ikipata ukame huokolewa na jirani, na hapo hakuna haja ya kuamsha mkandarasi wa dharura usiku wa manane.

La pili ni mikataba: iandikwe kwa shilingi pale inapowezekana, ishindanishwe kwa zabuni ya wazi, na iwekwe hadharani kabla ya kusainiwa. Hapa hakuna mfadhili wa kulaumiwa. Siri iliyozunguka IPTL na Richmond ilikuwa yetu wenyewe.

La tatu liko jikoni, na ndilo zito kuliko yote, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati inayotumika Tanzania haipiti kwenye waya wowote. Ni kuni na mkaa. Serikali inakadiria kuwa moshi wake huua watu wapatao 33,000 kwa mwaka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu suala hili, pamoja na Waziri Mkuu wa Norwei, nchi ambayo yenyewe imetajirika kwa mafuta na gesi. Zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema Afrika kusini mwa Sahara inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030 kwa kazi hiyo peke yake.

Kwa kaya nyingi nishati safi hiyo kwa sasa maana yake ni mtungi wa gesi, yaani zao la kisukuku linaloingizwa kwa meli. Wapo watetezi wa mazingira wanaoona aibu kuusifu, na mimi sioni aibu yoyote, kwa sababu mtungi huo unaokoa mapafu ya mama na miti ya Kisarawe kwa wakati mmoja. Shida yake iko kwingine. Serikali imegawa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, mikoa mingi, mbele ya kamera. Lakini mkaa huuzwa kwa kopo, na mtu aliyepata elfu mbili leo hununua wa leo. Gesi hujazwa mtungi mzima, kwa fedha ambazo mtu wa kipato cha siku hakai nazo mkononi kwa pamoja. Mwezi wa kwanza mtungi hutumika, wa pili hukaa pembeni ya mlango ukiwa mtupu, na jiko la mkaa hurudi mahali pake. Ruzuku imewekwa kwenye chuma, wakati kinachomshinda mpishi ni kujaza.